Je, tufukie kidimbwi? Kwanza tutazame mlima



Kila tunapofika katika makartie ya pembeni mwa Bukavu, kama vile Kasha na Panzi, pale mji unapokutana na mashamba, tunapewa ulizo moja: «Ile kidimbwi ya chini, tuifukie ao tuiache?»

Wanaotaka kukifukia wana sababu zao. Kidimbwi kina mbu. Mtoto anaweza kuanguka ndani. Mvua ikinyesha usiku, ukuta wa udongo unapasuka na matope yanaingia katika nyumba za chini. Tena bei ya parseli imepanda, na kuko watu wanaokuja na pesa mkononi wakisema: «Mufunike ile maji, sisi tujenge.»

Mwenye kidimbwi naye ana sababu zake. Samaki ndiyo mboga ya nyumba, ndiyo chakula kinachokinga watoto na bwaki, ndiyo pesa ya minervali mwezi wa kenda shule zikifunguliwa.

Sisi tunaona kwamba mara nyingi shida haikuanzia katika kidimbwi. Ilianzia juu, mlimani, mahali miti ilikatwa na mabati yakaongezeka. Ukifukia kidimbwi bila kutengeneza mlima, maji yatatafuta njia ingine, na njia hiyo inaweza kupita mlangoni mwa mtu. Kwa hiyo safari hii tutashuka pamoja na maji, toka juu mpaka chini: mabati, miti, kidimbwi, kiisha wanyama wanaoishi hapo. Mwishoni tutasema juu ya jambo gumu kuliko yote, ni kusema mapatano kati ya jirani wa juu na jirani wa chini.

Mahesabu ya bati moja

Mvua ya milimita 1 ikianguka juu ya bati la mita 1 ya mraba, inaleta litre 1 ya maji. Sasa tufanye mahesabu. Nyumba ndogo yenye bati la mita 40 za mraba, ikipigwa na mvua ya milimita 30, inamwaga litre 1.200. Hizo ni bido 60 za litre 20. Kama avenyu iko na nyumba 20 za namna hiyo, ni bido 1.200 zinazoshuka katika mlima, pengine kwa saa moja tu.

Wakati mahali pale palikuwa shamba la migomba na maharagi, udongo ulikunywa sehemu kubwa ya maji hayo. Bati halikunywi kitu. Maji yote yanashuka, yanabeba udongo, na kila mwaka njia yao inazidi kuchimbika mpaka inakuwa korongo.

Hatusemi hivi ili kuogopesha watu. Lakini sisi wote tunakumbuka tarehe 4 mwezi wa tano 2023, wakati mvua kali ilifanya mito ivunje kingo zake huko Bushushu na Nyamukubi, katika teritwari ya Kalehe. Watu zaidi ya 400 walikufa. Miti michache ya kartie haiwezi kuzuia mvua kama ile. Hata hivyo, mvua za kawaida, zile za kila wiki, ndizo zinazochimba mlima kidogo kidogo na kuulegeza, na hizo tunaweza kuzipunguzia nguvu.

Mambo matatu ya kufanya ku nyumba:

Kwanza, weka mfereji chini ya bati, hata wa mianzi iliyopasuliwa, na pipa la kupokea maji. Pipa lifunikwe vizuri, kwa sababu maji yaliyosimama wazi ni nyumba ya mbu.

Pili, maji yanayozidi pipa yaelekezwe ku migomba ao ku shimo lenye mawe, mbali kidogo na ukuta wa nyumba.

Tatu, na hili ni la muhimu sana: kama udongo wa parseli yako uko na nyufa, ao miti na nguzo zimeanza kuinama kuelekea chini, usichimbe shimo la kunywesha maji hapo. Udongo unaoteleza ukishiba maji unazidi kuteleza. Mahali pa namna hiyo, maji yatolewe kwa mfereji wa mawe mpaka mtoni, na shefu wa kartie ajulishwe.

Mti gani, mahali gani?

Watu wengi wanatuambia: «Sisi tulishapanda miti.» Tukienda kuona, tunakuta mikaratusi, tena iko kando ya chemchemi. Mkaratusi unakua haraka, unaleta miti ya kujengea na kuni, na ukikatwa unachipuka tena. Hatuukatai. Lakini unakunywa maji mengi, na majani yake yakianguka kwa wingi katika kidimbwi yanaharibu maji. Mahali pake ni juu kabisa, kwenye udongo mukavu usiofaa kwa chakula, mbali na chemchemi na mbali na nyumba.

Kama mikaratusi iko tayari kando ya maji, haifai kungoa visiki vyote siku moja. Mizizi inashika udongo, na ukiingoa unafungulia mvua mlango. Kata mti, acha kisiki, na kila wakati kinapochipuka, vunja machipukizi mpaka kisiki kichoke na kufa. Wakati huohuo panda miti mingine kati ya visiki.

Katikati ya mlima, tunashauri miti inayokubali kuishi na mazao. Grevilea inapandwa katika mpaka wa parseli, mti mmoja kila mita 3 hivi. Mizizi yake haisumbui sana maharagi, na matawi ya chini yanakatwa kwa kuni. Ukikata matawi, usivuke nusu ya urefu wa mti. Mti unaobakizwa kichwa kidogo tu unadhoofika na kuvunjwa na upepo. Kaliandra inapandwa karibu karibu kama ua. Inakatwa kwa urefu wa kiuno, majani yanakuliwa na mbuzi, sungura na kobayi, na maua yake yanapendwa na nyuki. Avoka inahitaji nafasi kubwa, mita 8 hivi toka mti mpaka mti, kwa hiyo parseli ndogo inatosha mti mmoja tu. Usipande avoka mahali maji yanasimama. Mizizi yake inaoza.

Miti peke yake haitoshi. Inahitaji mistari ya majani inayovuka mlima, kama tripsakumu ao setaria, pamoja na mtaro upande wa juu wa kila mstari, ila pale penye nyufa tulipopataja. Na mstari lazima uwe sawasawa. Mstari unaoinama upande mmoja unakusanya maji yote mahali pamoja, na hapo unatengeneza korongo wewe mwenyewe.

Ili kupata mstari sawasawa, tengeneza kipimo cha miti mitatu. Funga miti miwili ya mita 2 kwa juu, ifungue miguu, na ufunge mti wa tatu katikati ili iwe kama herufi A. Toka juu, tundika kamba yenye jiwe. Simamisha kipimo, weka alama mahali kamba inagusa mti wa katikati. Geuza miguu, mguu wa kushoto uende palepale pa mguu wa kuume, na uweke alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa wa kweli. Kiisha tembeza kipimo ku mlima, mguu kwa mguu, ukiweka kijiti kila mara kamba inapokaa katikati. Fuata vijiti: huo ndio mstari wako.

Kupanda kufanyike mvua zikishashika vizuri, toka mwisho wa mwezi wa kenda mpaka mwezi wa kumi na moja. Weka majani makavu kuzunguka shina, lakini yasiguse shina lenyewe. Zungushia fito, kwa sababu mbuzi mmoja anamaliza kazi ya siku nzima katika dakika tano.

Kuko faida ingine ambayo watu wanaisahau. Makala mengi yanayopikiwa Bukavu yanatoka misituni, na sehemu yake inatoka ndani ya Parke ya Kahuzi-Biega. Kila fungu la kuni linalokatwa katika ua wa grevilea ao kaliandra ni fungu moja ambalo halikutoka huko.

Kidimbwi kilichotunzwa na kidimbwi kilichoachwa

Sasa tumefika chini. Jambo la kwanza ni kwamba kidimbwi kilichotunzwa si sawa na kidimbwi kilichoachwa. Majirani wanaolalamika juu ya mbu wanasema ukweli, lakini mbu hawapendi kila maji.

Mbu wa malaria anataga mayai katika maji yaliyotulia, na toka yai mpaka mbu anayeruka ni kama wiki moja ao mbili, zaidi kidogo mahali penye baridi. Katika maji wazi yenye samaki, watoto wa mbu wanakuliwa. Wanaopona ni wale waliojificha kati ya majani ya kando, katika alama za kwato za ng'ombe, na katika chupa na mifuko ya plastiki iliyojaa maji. Kwa hiyo kazi dhidi ya mbu ni kazi ya kingo: kukata majani kila wiki, kuchimba kingo zisimame vizuri, na kutoa takataka. Kina cha maji kiwe angalau sentimita 50 upande wa kuingia na mita 1 upande wa kutoka, ili majani yasiote toka chini. Tena kila mutu aendelee kulala chini ya musitikeri. Samaki hawafanyi kazi ya musitikeri.

Juu ya plastiki, angalieni Ruzizi: chupa na mifuko inayotupwa katika mifereji ya mji inashuka ziwani na kwenda kuziba mashini za umeme. Kama plastiki inasumbua mashini kubwa vile, mfereji wako wa upana wa mkono mmoja utafanya nini?

Tope likiingia, kidimbwi kinajaa na samaki wanakosa hewa. Chimba mtaro wa kuzungusha maji ya mvua yapite kando. Maji ya chemchemi yapite kwanza katika shimo dogo, tope likae humo, kiisha yaingie yakiwa safi kupitia wavu. Acha pia njia ya maji yanayozidi, kwa tuyo ao mianzi minene. Ukuta wa udongo unaopitiwa na maji kwa juu hauchukui muda kuanguka, na hapo ndipo nyumba za chini zinapoumia.

Usipande mti juu ya ukuta huo. Mizizi inaingia, siku moja inakufa na kuoza, na inaacha mashimo ambayo maji yanapitia. Juu ya ukuta panda majani mafupi tu yanayotambaa.

Kwa samaki wenyewe, weka tilapia 2 kwa kila mita ya mraba, si zaidi. Kidimbwi cha are 2 kinapokea 400. Tilapia wanazaana haraka. Wakizidi wanabaki wadogo kama kidole, hata ukiwalisha. Weka mbolea katika kona moja, ndani ya uzio wa fito. Ili kujua kama inatosha, ingiza mkono katika maji. Kiganja kikipotea maji yakiwa ku kiwiko, ni vizuri. Kikionekana bado, ongeza mbolea. Kikipotea maji yakiwa ku kifundo cha mkono tu, mbolea imezidi, acha kuongeza. Na kama asubuhi mapema samaki wako juu wakifunguafungua kinywa, wanakosa hewa: toa mbolea, ingiza maji mapya.

Tukumbuke kwamba Bukavu si Uvira. Kwetu, karibu mita 1.500 juu ya bahari, maji ni ya baridi na tilapia anakua polepole. Usimwambie mke ao bwana kwamba samaki watauzwa nyuma ya miezi sita. Weka miezi minane ao zaidi, ndipo mipango ya nyumba haitaharibika.

Mwishoni, juu ya watoto. Kidimbwi kilicho karibu na nyumba lazima kiwe na uzio: fito, mianzi ao kaliandra iliyoshikana, pamoja na mlango unaofungwa. Ndani, upande mmoja wa ukuta uchongwe ngazi, ili anayeanguka apate mahali pa kushika na kupanda. Weka pia mti mrefu pale kando, usiondolewe kwa kazi ingine. Koperative ambayo haijaweka uzio isifikirie bado juu ya kununua vidaka vya samaki.

Wanyama wadogo wanaofanya kazi bila mshahara

Mahali penye miti na maji safi, wanyama wanarudi. Wengine wanatusaidia, wengine wanatuibia, na wengine tunawaua bure.

Bundi anauawa kwa sababu watu wanasema ni ndege wa wachawi. Ukweli ni kwamba chakula chake kikubwa ni panya. Panya wale wanakula mahindi yako na mihogo yako. Popo wadogo wa jioni wanakula wadudu wanaoruka usiku. Chura naye anakula wadudu usiku kucha. Nyuki wakikosekana, avoka inatoa maua mengi na matunda machache. Kwa hiyo usichome mzinga wa nyuki. Mwite mutu anayejua kufuga nyuki auhamishe.

Ndege wanaokula samaki wako kweli. Dawa yake ni kingo zilizosimama na maji yenye kina, kwa sababu ndege wa miguu mirefu wanavua mahali wanapoweza kusimama. Vuta kamba chache toka ng'ambo mpaka ng'ambo, ndege anayeruka asishuke vizuri. Fisi-maji anazuiwa na uzio uleule unaozuia watoto.

Lakini sumu, hapana. Sumu ya panya inaua pia bundi na paka aliyekula yule panya. Pompe ya kupulizia mboga ikioshwa katika mfereji, samaki wanakufa, na mtoto anayeteka maji chini anaumwa. Hata tefrosia, ambayo wengi wetu tunaitumia kufukuza wadudu shambani, ndiyo ileile wazee walitumia kulewesha samaki mtoni. Ni nzuri shambani. Isipandwe kando ya kidimbwi, na maji yake yasimwagwe huko.

Na kama nyani, kasuku ao mnyama mwingine wa pori anaonekana katika kartie ao anauzwa sokoni, tusimnunue hata kwa huruma. Pesa yako inamtuma mwindaji arudi kutafuta mwingine. Kuko sheria namba 14/003 ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014 juu ya kulinda viumbe vya asili, na ICCN ndiyo inayopaswa kujulishwa.

Nani anafanya kazi, nani anakula samaki?

Hapa ndipo mipango mingi inaanguka. Jirani wa juu anaambiwa achimbe mitaro, apande majani, aweke pipa. Faida inaonekana kwa jirani wa chini, mwenye kidimbwi. Jirani wa juu anauliza, na ana haki kuuliza: «Mimi natoka jasho, yeye anakula samaki?»

Tunashauri kila koperative ikae na watu wa avenyu nzima, si wanamemba peke yao, na shefu wa avenyu awe hapo. Mapatano yaandikwe katika daftari, kwa mambo manne.

La kwanza: majani ya mistari na kuni za ua ni mali ya yule ambaye ziko kwake. Hakuna mutu wa chini anayeruhusiwa kuzikata.

La pili: mwenye kidimbwi anatoa miche, ao anachangia kitalu cha avenyu, kwa sababu mti wa juu unalinda ukuta wake.

La tatu: siku ya kuvua, sehemu ya samaki iliyokubaliwa mbele inakwenda kwa nyumba za juu zilizotunza mitaro. Kiasi gani? Hatuwezi kuwaamulia. Lakini kiandikwe kabla ya samaki kuonekana, si nyuma yake.

La nne: salongo moja kwa mwezi, siku ya posho asubuhi, kusafisha mitaro na kingo. Anayekosa anajulikana katika daftari, na wakati wa kugawanya samaki daftari ndilo linalosema.

Kuko pia wakati ambapo kufunga kidimbwi ni haki. Kama hakina mwenyewe, kama chemchemi yake inakauka kila mwezi wa saba, ao kama ukuta wake uko juu kabisa ya nyumba za watu na hauwezi kutengenezwa, kifungwe. Lakini kifungwe kwa kukausha: chimba mfereji wa kutoa maji pole pole mpaka mtoni, uendelee kuwa wazi, na mahali pale pageuzwe bustani ya sombe, lengalenga na mashu. Kumwaga udongo juu ya chemchemi na kujenga nyumba hapohapo ni kudanganya mnunuzi. Kuta zitalowa, kiisha zitapasuka, na maji yatatokea kwa jirani.

Kwa hiyo kabla mvua za mwezi wa kenda hazijarudi, tunaomba kila koperative ifanye jambo moja. Wakati wa ukavu, chagueni siku, pandeni mlima pamoja, mwenye kidimbwi mbele, jirani wa juu kando yake. Anzeni chini, mufuate njia ya maji mpaka mahali inapoanzia, na muandike katika daftari kila bati lisilo na mfereji, kila kisiki, kila korongo linaloanza. Mukirudi chini, ulizo la kufukia ao kutofukia litakuwa rahisi zaidi kujibu.

Muanimateri wenu akipita, mumuonyeshe lile daftari. Miche ya kaliandra na grevilea inaombwa kwake mbele ya mwisho wa mwezi wa nane, ili ifike wakati wa mvua.